Uganda: Kipimo ni Bure, Siku ya Kazi Ndiyo Ghali



Sisi wachumaji chai wa magharibi mwa Uganda tumemzika mwenzetu. Alitokwa damu isiyo ya mwezi, akaomba ruhusa mara mbili aende hospitali. Nyapara akamwambia angoje msimu uishe. Alipopimwa, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imekwisha kuenea.

Hapa Uganda hakuna saratani inayoua wanawake wengi kuliko hii. Lakini haiji ghafla. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kukomaa. Kwa mwenye virusi vya UKIMWI asiyetibiwa, huweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu. Huletwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana na huwapata watu wengi bila wao kujua. Si uchawi, wala si alama ya umalaya.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Muuguzi hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kungoja dakika moja. Palipo na kasoro hugeuka peupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyo hiyo bila kisu. Kipo pia kipimo cha HPV, ambacho mwanamke huweza kujichukulia majimaji ukeni mwenyewe, faraghani, kwa kijiti. Shirika la Afya Duniani lashauri tuanze kupimwa tukiwa na miaka 30, na wenye virusi vya UKIMWI waanze na miaka 25.

Katika vituo vya serikali kipimo hakilipiwi. Basi kwa nini hatuendi? Kwa sababu tunalipwa kwa kilo. Siku ya kituoni haina kilo hata moja, na nauli tunatoa sisi.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu:

1. Siku ya kupimwa ilipwe ujira kamili, kwa vibarua pia.
2. Wauguzi waletwe kambini, wapime huko huko.
3. Majibu apewe mwanamke mwenyewe, si ofisi ya shamba.

Wenzetu wa nchi jirani, someni mkataba wenu. Kama hausemi lolote juu ya siku hiyo, lipelekeni jambo hili kwenye mkutano wa tawi. Nanyi wanaume, lisemeeni kwa sauti moja nasi: anayekufa ni mke, mama na dada yenu.

Umoja ni nguvu!