Makangaga: magumu kivulini, dhaifu barabarani

Kangaga ni mmea wa mapambo ambao wateja huutafutia sehemu ambayo maua mengi hugoma: chini ya mwembe, nyuma ya nyumba au kwenye baraza isiyopata jua. Lakini mfanyabiashara anayeuvusha mpaka hugundua haraka kuwa mmea unaovumilia kivuli hauvumilii upepo wa lori, na kwamba karatasi zisipokamilika shehena nzima inaweza kuzuiliwa.

Kitaluni

Aina inayostawi kwa urahisi ni Nephrolepis, yenye majani marefu yanayoning'inia. Nyingine ni Rumohra, ambayo majani yake magumu hukatwa na kufungwa pamoja na maua kwenye mashada. Zote huhitaji kivuli chepesi cha miti au neti, pamoja na udongo wenye mboji unaoshika unyevu bila kutuamisha maji. Shina la Rumohra hutambaa juu ya ardhi, na likifukiwa huoza. Mbolea iwe kidogo, kwani ikizidi huunguza mizizi.

Makangaga hayatoi maua wala mbegu. Huzaliana kwa spora, vumbi laini linalotoka kwenye vidoto vya kahawia chini ya majani. Wanunuzi wengi hudhani vidoto hivyo ni wadudu au ugonjwa. Njia ya kutofautisha ni rahisi: vidoto vya spora hupangika kwa mpangilio unaofanana jani hadi jani, lakini wadudu na madoa ya ugonjwa hutapakaa ovyo. Muuzaji akimweleza mteja mapema, huepuka ugomvi wakati wa kupokea mzigo.

Kabla ya kupakia

Miche hunyweshwa siku moja kabla ya safari ili mizizi ishibe na majani yakauke. Majani mabichi yenye maji yakifungiwa ndani ya boksi huoza. Ndani ya gari, miche husimamishwa wima na kukingwa upepo, na safari ya usiku huipunguzia joto. Lori likitarajiwa kukesha mpakani, turubai lifunguliwe upande mmoja ili hewa ipite.

Mpakani

Utaratibu huanzia nchi inakokwenda miche. Mnunuzi hupata kwanza kibali cha kuingiza mimea, kwa kuwa ndicho kinachotaja masharti ya ukaguzi. Baadaye mamlaka ya nchi inakotoka hukagua miche na kutoa cheti cha afya ya mimea. Kenya kazi hiyo hufanywa na KEPHIS, na Tanzania na TPHPA. Cheti kikitolewa kabla masharti ya kibali hayajajulikana, huenda kisikubalike.

Aidha, nchi nyingi huzuia udongo kwa sababu hubeba minyoo na vimelea. Ndiyo maana miche ya kuuzwa nje huoteshwa tangu mwanzo kwenye kumbi za nazi zilizosagwa au kitu kingine kisicho udongo.

Tahadhari ya mwisho inahusu makangaga-miti ya jamii ya Cyathea, yanayoota kwenye misitu ya milima kama Usambara na Mlima Kenya. Haya yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, na hayavuki mpaka kibiashara bila kibali chake maalumu. Msafirishaji anayepewa mzigo wa makangaga anapaswa kuuliza ni ya aina gani kabla hajawasha injini.