Virusi vya Mapafu (5): Nyumba ya Mama Seacole

Mwezi Mei 2020 Uingereza ilifungua kituo cha utengamao huko Headley Court, Surrey, kwa watu wazima waliookoka Korona lakini walikuwa hawajarudiwa na nguvu zao. Kiliitwa Seacole. Namna virusi vinavyoharibu mapafu tumekwisha kuieleza katika sehemu zilizotangulia. Leo niruhusiwe kulishika jina hilo la Seacole, maana nimelipigania miaka mingi.

Mary Seacole alizaliwa Kingston, Jamaica, mwaka 1805. Mama yake alikuwa na nyumba ya wageni, akiwauguza humo wanajeshi kwa dawa za miti shamba, na binti akajifunza papo hapo. Mwaka 1851 alipambana na kipindupindu Panama. Vita vya Crimea vilipopamba moto alikwenda London kuomba kazi ya uuguzi, akakataliwa, naye akabaki akijiuliza kama rangi yake ndiyo iliyomponza. Hakurudi nyumbani. Alijilipia nauli, na mwaka 1855 akafungua karibu na Balaklava nyumba aliyoiita British Hotel, akiwapikia askari, akiwauzia mahitaji na kuwatibu. Vita vilipokwisha alirudi London amefilisika. Alifariki mwaka 1881, akasahauliwa muda mrefu mno. Sanamu yake katika hospitali ya St Thomas' ilizinduliwa mwaka 2016 tu! Dunia huwaenzi majemadari haraka, lakini aliyemlisha majeruhi hadi akasimama hungoja karne nzima.

Headley Court nayo ina historia yake: hadi mwaka 2018 ilikuwa kituo cha jeshi, ambako askari waliokatwa miguu Iraq na Afghanistan walijifunza upya kutembea.

Kazi ya kituo cha Seacole ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Aliyelazwa wiki kadhaa kwenye mashine ya kupumulia husinyaa misuli, hupaliwa anapomeza kwa sababu ya bomba lililokaa kooni, na wengine huandamwa na majinamizi. Anahitaji fiziotherapia ya kupumua na kusimama, mtaalamu wa umezaji, chakula cha kujenga mwili na mtu wa kumsikiliza.

Huku kwetu tunahesabu vitanda na mashine, kisha mgonjwa anaruhusiwa na kuachiwa mkewe au dada yake, wasiofundishwa lolote. Hiyo ni dhuluma kwa wote wawili. Ewe msomaji, ndugu yako akitoka wodi ya mahututi, usikubali aondoke bila maelekezo ya mazoezi na tarehe ya kurudi kwa mtaalamu wa fiziotherapia.