Mvua ya usiku, steji tupu asubuhi: kwa nini matatu huadimika Kibera na Kawangware

Kila msimu wa mvua, swali moja husikika katika steji za Kawangware 46, Kawangware 56, Olympic na Makina: mvua imekatika, hapa kwetu barabara inapitika, mbona matatu hazionekani? Na zinapofika, mbona nauli imepanda maradufu?

Kwa mfanyakazi wa kibarua anayetakiwa kuwa kwenye lango la kiwanda kabla ya saa moja asubuhi, hili si swali dogo. Akichelewa, nafasi yake hupewa mwingine na mshahara wa siku hiyo umepotea. Vivyo hivyo kwa mama anayempeleka mtoto kliniki katika Hospitali ya Mbagathi, na kwa muuzaji wa mboga anayewahi sokoni alfajiri. Makala haya yanaeleza kinachotokea kati ya wingu na steji, nani anasimamia nini, na mkazi anaweza kufanya nini kabla na wakati wa mafuriko.

Maji na matatu hufuata mteremko mmoja

Nairobi imeinama kuelekea mashariki. Upande wa magharibi, yaani Dagoretti, Riruta na Kawangware, uko juu. Katikati ya jiji ni chini zaidi, na Eneo la Viwanda na Embakasi ni chini kuliko huko. Maji ya mvua hutelemka kutoka magharibi, kama wafanyavyo maelfu ya abiria kila asubuhi.

Mto Nairobi hupita kati ya Kawangware na Kangemi kabla ya kuelekea katikati ya jiji. Mto Motoine huanzia upande wa Dagoretti, hupita katika msitu wa Ngong Road, kisha huingia Kibera na kumwaga maji yake katika Bwawa la Nairobi, lililojengwa katika miaka ya 1950. Mto unaotoka kwenye bwawa hilo ndio Mto Ngong. Huo hupita Mukuru na Eneo la Viwanda kabla ya kuungana na Mto Nairobi upande wa mashariki.

Ndiyo sababu mvua kubwa ya Dagoretti huweza kuwa taabu ya Silanga na Lindi saa chache baadaye, kisha ikawa taabu ya barabara za Eneo la Viwanda. Mkazi wa Kawangware anaweza kuamka akute mitaa yake imekauka, ilhali maji yaliyopita mlangoni pake usiku yamefunga barabara anayoitegemea kufika kazini.

Milimita 30 ni maji kiasi gani?

Idara ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari, hutaja mvua kwa milimita. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Chukua chumba cha futi 10 kwa 10, kipimo cha vyumba vingi vya kupanga mitaani kwetu. Mvua ya milimita 30 ikinyesha juu ya paa lake, mabati hayo yatamwaga takriban lita 280, karibu mitungi 14 ya lita 20. Hicho ni chumba kimoja tu. Zidisha kwa ploti yenye vyumba 10, kisha kwa mtaa mzima.

Palipo na nyasi na udongo wazi, sehemu ya maji hayo hunywewa na ardhi. Palipojengwa mabati kwa mabati na kumwagwa simiti, karibu yote hukimbilia mtaroni kwa wakati mmoja. Mtaro ukiwa umezibwa na takataka, maji hutafuta njia nyingine, na iliyo karibu ni barabara.

Hesabu ya steji tupu

Jiji lenye watu zaidi ya milioni 4.3, kwa mujibu wa sensa ya 2019, hutegemea matatu za watu binafsi kwa sehemu kubwa ya usafiri wake wa umma. Hakuna magari ya akiba yanayongoja mahali fulani yaletwe mvua inaponyesha. Gari lililokupeleka mjini saa kumi na mbili ndilo linalorudi kumchukua jirani yako saa moja na nusu.

Tuchukue mfano wa njia yenye matatu 40 za viti 14. Siku ya kawaida, tuseme gari huchukua dakika 80 kwenda mjini na kurudi. Kwa saa moja, njia hiyo hutoa safari 30, sawa na viti 420. Barabara ikijaa maji mahali pamoja na mzunguko ukawa wa dakika 160, safari zitakuwa 15 na viti 210. Hakuna gari lililoharibika wala dereva aliyebaki nyumbani, lakini nusu ya viti haipo. Katika saa mbili za msongamano wa asubuhi, watu 420 watabaki steji, na kila dakika wengine huongezeka nyuma yao.

Si lazima maji yawe kwenye njia yako. Matatu nambari 46 za Kawangware hupitia Hurlingham na Valley Road. Nambari 8 za Kibera hupitia Ngong Road. Njia zote mbili hukutana na Uhuru Highway kabla ya kuingia katikati ya jiji. Barabara ya Mombasa au Bunyala ikijaa maji, foleni hurudi nyuma kwenye Uhuru Highway, hufunga mizunguko yake, kisha hupanda Valley Road na Haile Selassie. Gari lako limekwama kwa sababu ya maji ambayo dereva wake hajayaona.

Kwa nini nauli hupanda

Nchini Kenya serikali haipangi nauli za matatu. Kila sacco hujipangia, na abiria wakiwa wengi kuliko viti, bei hupanda. Wahudumu nao wana hesabu yao: mwenye gari hutarajia kiasi chake cha siku, mafuta huchomeka kwenye foleni, na safari zimepungua nusu. Hayo ni kweli. Lakini mzigo wa mwisho humwangukia abiria. Nauli ya shilingi 50 ikifika 100, anayelipwa shilingi 500 kwa siku atatumia 200 kwenda na kurudi. Hiyo ni sehemu mbili kati ya tano za alichopata, kabla hajanunua unga.

Uliza nauli kabla ya kupanda. Kila matatu lazima iwe chini ya sacco au kampuni iliyosajiliwa, yenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA). Nauli ikibadilishwa safarini, andika nambari ya gari na jina la sacco, na upeleke malalamiko kwa maafisa wa sacco hiyo.

Garimoshi, na wanaotembea

Wakazi wa Kibera wana njia nyingine ambayo mitaa mingi haina: reli. Garimoshi la abiria la kuingia mjini husimama Kibera. Hata hivyo reli nayo huathirika, kwa kuwa maji yakiondoa kokoto na udongo chini ya mataruma, garimoshi haliwezi kupita salama.

Tuliona hayo mwaka 2024. Baada ya mvua kubwa ya usiku wa kuamkia Aprili 24, Shirika la Reli la Kenya lilisimamisha safari za garimoshi za abiria jijini, na sehemu za barabara kuu zikafungwa. Matatu, reli na barabara zilikwama asubuhi moja. Shule zilizokuwa zifunguliwe Aprili 29 hazikufunguliwa hadi Mei 13. Katika msimu huo wa mvua, zaidi ya watu 200 walipoteza maisha kote nchini.

Kuna kundi ambalo habari za foleni mara nyingi hulisahau. Zaidi ya asilimia 40 ya safari jijini Nairobi hufanywa kwa miguu. Wengi wanaotoka Kibera kwenda Eneo la Viwanda hawapandi gari hata siku ya jua. Kwao, mafuriko ni kivuko kilichosombwa, kijia kilichogeuka tope, na waya wa umeme usioonekana ndani ya maji. Daraja dogo la watembea kwa miguu juu ya Mto Ngong likianguka, hakuna foleni itakayotangazwa redioni, ila mamia ya watu watazunguka mbali kufika kazini.

Nani anasimamia nini

Wakazi wengi hulaumu ofisi isiyohusika, au hupeleka malalamiko mahali yasipoweza kutatuliwa. Mgawanyo ni huu:

Serikali ya kaunti. Kwa mujibu wa Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010, kaunti inasimamia barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, usafiri wa umma wa barabarani, na mifumo ya kuondoa maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Ukusanyaji wa taka pia ni kazi yetu. Mtaro wa barabara ya mtaani ukiziba, ni sisi wa kuulizwa.

KURA. Mamlaka hii ya serikali ya kitaifa inasimamia barabara kuu za mijini, ikiwemo Ngong Road, pamoja na mitaro yake.

KeNHA. Inasimamia barabara kuu za kitaifa kama vile Barabara ya Mombasa na ya Thika.

Shirika la Reli la Kenya. Linasimamia njia ya reli na garimoshi.

NTSA. Hutoa leseni kwa magari ya abiria na sacco.

Maji hayajui mipaka hii. Mtaro wa kaunti ukisafishwa lakini ukamwaga maji kwenye mtaro wa barabara kuu uliozibwa, maji yatarudi yalikotoka. Kwa hiyo unaporipoti, taja jina la barabara, alama iliyo karibu na upande wa barabara. Hayo hutusaidia kujua haraka kama kazi ni yetu au ya kupelekwa kwa mamlaka nyingine.

Mtaro ni sehemu ya barabara

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017, lakini chupa, nepi, vifungashio na mabaki ya ujenzi bado hutupwa mitaroni. Mtaro uliosafishwa Jumatatu ukitupiwa gunia la taka Jumatano, mvua ya Ijumaa itaukuta umeziba.

Vibanda vilivyojengwa juu ya mitaro ni tatizo jingine. Tunajua kibanda hicho ndicho jiko la familia fulani. Lakini kikiwa juu ya mtaro, vijana wa usafi hawawezi kuufikia, na maji yatakayozuiwa hapo yataingia kwanza katika kibanda hicho hicho. Wafanyabiashara wanaombwa kuacha nafasi ya mtaro wazi, na kuzungumza na ofisi ya wadi kuhusu mahali pa kuhamia kabla ya msimu wa mvua kufika.

Mkazi afanye nini

Kabla ya mvua. Misimu yetu ni miwili: mvua ndefu ya Machi hadi Mei, na ya vuli ya Oktoba hadi Desemba. Fuatilia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa jioni, kwa kuwa foleni ya asubuhi hutokana na mvua ya usiku. Kubaliana na mwajiri wako mapema jinsi ya kumjulisha ukikwama. Weka kando nauli ya dharura ukiweza.

Asubuhi ya mvua. Usitazame steji yako tu; ulizia hali ya Uhuru Highway na Barabara ya Mombasa. Ikiwa garimoshi linafanya kazi, linaweza kukuokolea muda. Usitembee juu ya reli.

Ukiona maji yanayotiririka. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuelea gari dogo, na sentimita 60 kusomba hata gari kubwa. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililojaribu kuvuka Mto Enziu uliofurika huko Mwingi lilisombwa, na zaidi ya watu 30 wakafa. Dereva akitaka kuvuka maji asiyoyajua kina chake, abiria wana haki ya kumwambia asimame, na ya kushuka. Usiguse nguzo wala waya ulio ndani ya maji.

Kwa wahudumu wa matatu. Ukizunguka njia nyingine, waambie abiria kabla ya kuondoka steji. Usimshushe abiria gizani kando ya mto.

Wakati wa dharura. Piga 999 au 112. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupatikana kwa 1199. Kwa mitaro iliyoziba, taka ambazo hazijazolewa na barabara za mitaa zilizoharibika, fika katika ofisi ya wadi yako. Kwa upande wa Kibera, hizo ni Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Kwa upande wa Kawangware, ni Kawangware, Gatina na Kabiro. Ripoti inayofika kabla ya mvua ndefu huipa ofisi muda wa kuzibua mtaro ungali mkavu.