Nani Anamlipia Mwandishi Nauli?

Mwaka huu kwenye kamati ya jarida letu nimepewa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kutafuta matangazo. Wenzangu wanaandika makala, wanapiga picha, wanasifiwa vijiweni. Mimi nazunguka na bahasha kwenye maduka ya nje ya geti, naomba watu wanunue robo ukurasa. Duka la kwanza niliingia steshenari, moja ya zile ambazo kila mmoja wetu amewahi kukimbilia kuprinti asaimenti dakika kumi kabla ya muda wa kukusanya. Mwenye duka alinipokea vizuri, akanipa na kiti. Halafu akatoa simu.

"Mdogo wangu, ona hapa. Naweka elfu kumi. Nachagua watu wa miaka 18 mpaka 25, walio karibu na chuo. Kesho asubuhi naambiwa wangapi wameona, wangapi wamebonyeza. Wewe ukishachapa hilo jarida lako, utaniambia nini?"

Nilikosa jibu. Niliaga, nikaondoka na bahasha yangu ikiwa nyepesi vilevile. Tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta hilo jibu, na makala haya ndiyo niliyopata mpaka sasa.

Swali la zamani

Ukisoma habari za vyombo vya habari, swali la kwanza unalofundishwa ni: mmiliki nani? Kwetu swali hilo lina historia nzuri tu. Tanganyika Standard lilianza mwaka 1930, likiwa gazeti la walowezi na wafanyabiashara wa enzi ya Mwingereza. Februari 1970 serikali ya Mwalimu Nyerere ikalitaifisha, na mwaka 1972 likaunganishwa na gazeti la chama, The Nationalist, likazaliwa Daily News. Uhuru lilikuwa la chama, redio ilikuwa ya serikali. Hata mtoto alijua nani anasema.

Miaka ya 1990 milango ikafunguliwa. Reginald Mengi akajenga IPP: Nipashe, The Guardian, Radio One, na ITV iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1994. Mwananchi lilianza mwaka 2000, baadaye likaingia mikononi mwa Nation Media Group ya Nairobi, kampuni ambayo mizizi yake ni Aga Khan. Mwishoni mwa 2013 ikaja Azam TV ya kundi la Bakhresa, haohao wa unga wa ngano, juisi na boti za Zanzibar. Yaani ramani ya wamiliki ungeweza kuichora kwenye karatasi moja ya kauntabuku. Ukikasirishwa na habari, ulijua ofisi ya mwenye gazeti iko mtaa gani.

Lakini mmiliki hakuwahi kuwa peke yake. Mkono mtupu haulambwi. Pesa unayompa muuza magazeti haijawahi kutosha kuendesha gazeti, na kiukweli wengi wetu hata hiyo hatutoi: tunasimama mezani, tunasoma vichwa vya habari, tunaenda zetu. Aliyekuwa analipa ni benki, kampuni ya simu, kiwanda cha bia, tangazo la zabuni, nafasi za kazi, tanzia. Mwandishi anayeshinda Mahakama ya Kisutu kutwa nzima, halafu anaambiwa kesi imeahirishwa kwa sababu upelelezi haujakamilika, siku hiyo hajaleta kitu cha kuuza. Bado amelipwa. Amelipwa na tangazo la bia lililo ukurasa wa saba. Mnywaji hajui, mwandishi hafikirii, ila ndivyo habari ngumu zilivyokuwa zinapatikana.

Kilichobadilika

Zamani benki ilinunua ukurasa kwa sababu wasomaji walikuwa pale. Ili ikupate wewe, ilibidi ipitie kwa gazeti. Leo benki haihitaji ukurasa. Inakununua wewe mwenyewe, popote ulipo, iwe unasoma habari za bajeti au unaangalia mtu anacheza muziki jikoni kwake.

Inafanyika hivi. Unapofungua tovuti, kabla ukurasa haujakaa sawa, taarifa kukuhusu (uko wapi, simu yako ni ya aina gani, juzi ulitafuta nini) zinapelekwa kwenye mnada wa kompyuta. Programu za wenye matangazo zinashindana bei ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Aliyeshinda ndiye unayemwona. Kati ya mwenye tangazo na mwenye tovuti wamejipanga madalali: mmoja anamwakilisha mnunuzi, mwingine anamwakilisha muuzaji, mwingine anaendesha soko lenyewe. Kila mmoja anakata chake. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kutolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba katika kila pauni 100 zilizotolewa na wenye matangazo, 51 tu ndizo zilizowafikia wenye tovuti. Na 15 hazikujulikana zimeishia mkononi mwa nani.

Sasa fikiria dalali anayemwakilisha mnunuzi, dalali anayemwakilisha muuzaji, na mwenye soko, wote wakiwa kampuni moja. Google ilinunua DoubleClick mwaka 2008 kwa dola bilioni 3.1, na tangu hapo imekuwa na mkono pande zote za mnada huo. Aprili 2025 mahakama ya Marekani iliamua kwamba kampuni hiyo ilihodhi sehemu mbili za soko hilo kinyume cha sheria. Uamuzi mkubwa, lakini umekuja wakati vyumba vingi vya habari vimeshapunguza watu. Magazeti ya Marekani yalikuwa yanaingiza kama dola bilioni 49 za matangazo mwaka 2006; kufika 2020 yalikuwa chini ya bilioni 10. Alphabet, kampuni mama ya Google, peke yake ilipata zaidi ya dola bilioni 260 za matangazo mwaka 2024. Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, walipata zaidi ya bilioni 160.

Elfu kumi ya steshenari yetu imo humo. Ni tone, lakini maduka ya namna ile ni mengi sana duniani.

Je, wamiliki wamekwisha?

Kijiweni utasikia: siku hizi kila mwenye simu ni chombo cha habari, mambo ya mmiliki yamepitwa na wakati. Kuna ukweli hapo. JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006, iliwapa watu wa kawaida nafasi ya kusema mambo ambayo magazeti yaliyapita pembeni. Siku hizi daraja likibomoka Lindi, tunaliona kwenye simu kabla mwandishi hajapanda basi.

Ila naona nusu ya pili ya ukweli hatuisemi. Nguvu ya umiliki haijafa. Imehamia sehemu mbili.

Ya kwanza ni kwa mwenye barabara. Gazeti linaweza kuwa na wafuasi milioni kadhaa Instagram, lakini halimmiliki hata mmoja. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza posti za ndugu na marafiki kuliko za vyombo vya habari, na vyumba vya habari duniani vikajikuta vinapigania wasomaji ambao jana walikuwa wao. Agosti 2023, baada ya Canada kutunga sheria ya kuyataka majukwaa makubwa yavilipe vyombo vya habari, Meta iliamua kuzifunga kabisa habari kwa watu wa Canada. Mwezi huohuo wakazi wa mji wa Yellowknife walikuwa wanahamishwa kukimbia moto wa misitu, na hawakuweza kusheaiana habari za gazeti lao kwenye Facebook. Na tuliona Oktoba 2022 mtu mmoja, Elon Musk, akinunua Twitter kwa dola bilioni 44 na kubadilisha kanuni zake atakavyo. Mengi ungeweza kumwandikia barua ofisini kwake. Hawa utawaandikia wapi?

Sehemu ya pili ni kwa walipaji waliobaki. Hapa ndipo wengi tunapokosea hesabu. Matangazo madogomadogo yakihamia mtandaoni, gazeti halibaki huru. Linabaki na wakubwa wachache: serikali, benki, kampuni za simu. Ukiwa na wateja mia mbili, mmoja akinuna unamwacha aende. Ukiwa na watano, mkono usioweza kuukata unaubusu. Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016 ilimpa Mkurugenzi wa Idara ya Habari jukumu la kuratibu matangazo ya serikali. Marekebisho ya 2023 yakaliondoa. Kenya iliunda wakala wa kusimamia matangazo ya serikali mwaka 2015, na Machi 2024 likatolewa agizo yapelekwe kwa shirika la utangazaji la serikali, KBC, mpaka watu wakaenda mahakamani. Wanagombania nini? Wanajua kwamba siku hizi hakuna haja ya kufungia gazeti. Linatosha kunyimwa tangazo.

Yaliyotukuta sisi

Nisiwanyooshee wengine kidole kama vile sisi ni wasafi. Muhula uliopita mlipaji wetu mkubwa alikuwa mwenye hosteli moja binafsi. Alinunua ukurasa wote wa nyuma, kwa pesa taslimu, na mimi ndiye niliyemleta. Nilijiona shujaa. Wiki mbili baadaye ikaja barua ya wanafunzi wanaokaa palepale: maji siku mbili kwa wiki, na waliohama hawakurudishiwa amana zao. Mwenzetu mmoja akapanda daladala mara tatu kwenda kuhakikisha. Aliona mapipa matupu, akapiga picha risiti, akaongea na msimamizi. Alirudi na habari iliyokamilika.

Nauli yake nilimpa mimi, kutoka kwenye pesa za tangazo la mwenye hosteli.

Mzee yule hakutukana wala hakutisha. Alinipigia simu kwa upole, akaniuliza kama toleo lijalo bado tunauhitaji ukurasa wa nyuma. Kamati tulikaa mpaka saa nne usiku. Tukasema habari "ipikwe zaidi", ingoje toleo lijalo. Mimi nilinyoosha mkono kuunga hoja. Hakuna serikali iliyotulazimisha, hakuna bilionea. Tulikuwa na mlipaji mmoja tu, basi. Kama steshenari, saluni, mama lishe na duka la simu wangekuwa bado wananunua vipande vyao vidogo, ile simu ya upole isingekuwa na uzito wowote.

Kujaribu kuziba

Nchi mbalimbali zinatafuta dawa. Australia ilitunga sheria mwaka 2021 iliyozifanya Google na Facebook zikae mezani na vyombo vya habari. Afrika Kusini, baada ya uchunguzi wa tume yake ya ushindani, ilifikia makubaliano na Google mwishoni mwa 2025 ya mamia ya mamilioni ya randi kwa ajili ya vyombo vya habari vya huko. Sisi tangu Julai 2022 tunatoza asilimia 2 ya mapato ya kampuni za kidijitali za nje. Ni hatua, ila pesa hiyo inaingia Hazina, haiendi Kisutu kumsubiri hakimu. Na kumbuka kwamba kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilimtaka mtu mwenye blogu kulipa zaidi ya shilingi milioni 2 kwa mwaka wa kwanza, kabla ada hazijapunguzwa baadaye. Mdogo tulimshika haraka.

Sina dawa ya dunia. Ninachoamini ni kwamba swali la "mmiliki nani?" sasa halitoshi. Ongeza mawili: nani anayeamua kama habari hii inifikie, na nani aliyelipa nauli ya aliyekwenda kuitafuta? Chombo kikishindwa kujibu la mwisho, jihadhari nacho, hata kama ni chetu.

Juzi nilirudi steshenari. Nilimwambia mwenye duka kwamba siwezi kumwambia wangapi watabonyeza. Ila ile elfu kumi yake ikishatoka kwenye simu, haimtumi mtu yeyote kwenda kuona kama wateja wake wana maji ya kuoga. Alicheka sana. "Dogo, hiyo sasa si biashara, ni sadaka." Nikamwambia labda. Akainama chini ya kaunta, akanipa rimu mbili za karatasi, akasema tangazo tutaongea siku nyingine. Kurasa chache za nakala uliyoshika zimetoka kwenye rimu hizo.

Ukifungua ukurasa wa pili utakuta orodha ya kila aliyetulipa toleo hili, na kiasi alichotoa. Kamati imekubali iwe hivyo kila mara. Habari ya hosteli iko ukurasa wa tano. Ukurasa wa nyuma hauna kitu; unaweza kuandikia nouti.