Shamba la muhogo ni kijani, chini kumeoza: Utaijuaje michirizi ya kahawia mapema?

Mkulima anang'oa shina la muhogo baada ya kusubiri karibu mwaka mzima. Juu majani yamestawi. Anakata mzizi: ndani una mabaka ya kahawia, makavu na magumu kama gome. Hauliwi, wala sokoni hauuziki.

Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Watafiti waliueleza kwa mara ya kwanza miaka ya 1930 huko Amani, Tanga. Kwa miongo mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani na maeneo ya chini. Kuanzia 2004 uliibuka kwenye maeneo ya juu nchini Uganda, kisha ukasambaa ukanda wa Ziwa Victoria.

Unaeneaje?

Unasababishwa na virusi vya aina mbili. Nzi weupe huvihamisha kutoka mmea hadi mmea, lakini hawavifikishi mbali kwa sababu havidumu muda mrefu mwilini mwao.

Anayevisafirisha mbali ni binadamu. Pingili za mbegu zinazotoka kwa jirani, kwa mjomba au wilaya nyingine zinaweza kuwa na virusi hata kama kwa macho ni safi.

Dalili za kuangalia

• Majani ya chini, yaliyokomaa, huwa na unjano kando ya mishipa. Hayajikunji. Ukiona majani machanga ya juu yamejikunja na yana mabaka, hiyo ni batobato, ugonjwa mwingine.

• Shina changa la kijani huwa na michirizi ya kahawia.

• Mzizi huoza kwa ndani. Wakati mwingine huu ndio ushahidi pekee, kwa hiyo usitegemee majani tu.

Simu inasaidia?

Ndiyo, kwa kiasi. Programu ya Nuru hukagua jani kupitia kamera ya simu, hata bila intaneti. Lakini kamera haioni kilichomo ndani ya mzizi. Kisu bado kinahitajika.

Ukiukuta shambani, ufanye nini?

Hakuna dawa ya kuutibu mmea ulioambukizwa. Kama shamba bado changa, ng'oa mashina yenye dalili. Kama muhogo umeshakomaa, usiuache ardhini muda mrefu, kwani uozo huongezeka.

Mwambie afisa ugani na majirani. Shamba lako likiwa safi na la jirani linaumwa, nzi weupe watavuka tu mpaka.

Msimu ujao tafuta mbegu iliyothibitishwa. Aina kama Kiroba huvumilia ugonjwa, ila kuvumilia si kutoambukizwa: inaweza kubeba virusi na bado ikakupa mavuno.

Na jirani akikuomba mbegu? Kabla ya kumkatia pingili, ng'oa shina hilo kwanza na ukate mizizi yake. Ukiona kahawia, usimpe.