Bomba Lililofukiwa Mbele ya Nyumba: Utangulizi wa Kupima Bima

Huenda umefika kwenye somo hili kwa sababu ya barua. Umenunua nyumba Marekani, pengine Minneapolis, Louisville au Houston, na kabla hujazoea hata majirani unakuta kwenye sanduku la posta bahasha inayofanana na za shirika la maji. Barua inasema kwamba bomba linaloleta maji nyumbani kwako, na lile linalotoa majitaka, ni mali yako. Kwamba likipasuka utalipa mwenyewe. Na kwamba ipo kampuni itakayokubebea mzigo huo kwa dola chache kila mwezi. Unaiweka mezani. Je, ni deni? Ni utapeli? Au ni jambo la busara ambalo wenzako wamelifanya zamani?

Swali hilo dogo ni mlango mzuri sana wa kuingilia elimu ya bima, kwa kuwa ndani yake yamo mambo yote ya msingi: mali isiyoonekana, hasara isiyojulikana itatokea lini, mkataba wenye maandishi madogo, na muuzaji anayejua mengi kuliko mnunuzi. Ukiweza kulijibu hili, utaweza kuipima karibu bima yoyote utakayouziwa. Hesabu tutakayoihitaji haizidi kuzidisha na kugawanya.

Tuanze ardhini. Chini ya barabara hupita bomba kuu, ambalo ni la mji au la shirika la maji. Kutoka hapo hutoka bomba jembamba linaloingia kwako; hilo tuliite bomba la kuunganishia. Katika miji mingi ya Marekani umiliki wake umegawanywa: upande wa barabarani ni wa shirika, upande wa kiwanja ni wako, na mpaka huwa kwenye mita au kwenye vali ya kufungia maji iliyo karibu na barabara. Aliyekulia Dar es Salaam au Nairobi haoni ajabu hapa, kwani huko nako maji yanayovuja baada ya mita huhesabiwa kwa mteja.

Linaloshangaza wengi ni bomba la majitaka. Katika miji mingi wajibu wa mwenye nyumba hauishii kwenye uzio. Unaendelea hadi bomba lake linapoungana na mtaro mkuu katikati ya barabara. Likibomoka pale, ni yeye atakayelipia kuvunja lami na kuirudishia. Gesi ina utaratibu mwingine: kwa kawaida kampuni humiliki hadi kwenye mita, na yaliyo baada ya mita ni yako. Kwa umeme, waya unaoning'inia kutoka kwenye nguzo huwa wa kampuni, lakini mlingoti unaoupokea juu ya paa, kebo inayoshuka ukutani na sanduku linaloshika mita kwa kawaida ni vyako. Kwa hiyo barua ikikuambia kwamba "laini zako" ziko hatarini, jambo la kwanza si kuogopa bali ni kuuliza: laini ipi, na kuanzia wapi hadi wapi? Piga simu kwa shirika lenyewe kwa kutumia namba iliyo kwenye bili yako, si ile iliyo kwenye barua.

Hapa huja swali ambalo karibu kila mwanafunzi wangu huliuliza: si tayari nina bima ya nyumba? Unayo, na mkopeshaji aliyekupa fedha za kununulia nyumba kwa kawaida huilazimisha. Lakini bima ya kawaida ya nyumba hulipia ajali ya ghafla. Hailipii uchakavu, yaani kuharibika polepole kwa sababu ya umri, kutu na matumizi, wala haipendi kulipia mizizi ya miti na kutitia kwa ardhi. Na mabomba yaliyofukiwa hufa hasa kwa njia hizo. Bomba likipasuka ndani ya ukuta na maji yakaharibu sakafu, huenda ukafidiwa sakafu; mtaro wa kuchimba uani mpaka barabarani utabaki kwako.

Sasa naomba tukae kidogo na bomba lenyewe, kwa kuwa watu hurukia bei kabla ya kujua wanachokikatia bima. Nyumba nyingi za zamani zina bomba la majitaka la udongo wa kuchomwa. Udongo wenyewe hudumu sana, ila bomba limeungwa kwa vipande vifupi, na kila kiungo ni mwaliko kwa mizizi inayotafuta unyevu. Mabomba ya chuma huliwa na kutu kutoka ndani. Kisha kuna bomba linaloitwa Orangeburg, kwa jina la mji wa jimbo la New York lilikotengenezwa: nyuzi za mbao zilizogandamizwa pamoja na lami ya makaa ya mawe. Lilitumika sana baada ya Vita vya Pili vya Dunia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kadiri miaka inavyokwenda, bomba hilo hulainika na kubonyea. Baadaye ikaja plastiki ngumu, ambayo mizizi huiweza kwa taabu zaidi.

Unaona basi kwamba mwaka wa kujengwa kwa nyumba unasema mengi. Nyumba ya 1955 yenye mti mkubwa mbele yake na nyumba ya 2012 kwenye mtaa mpya hupokea barua ileile, kwa bei ileile au inayokaribiana, ilhali hali zao hazifanani hata kidogo. Na huna haja ya kubahatisha. Fundi bomba anaweza kupitisha kamera ndogo ndani ya bomba la majitaka na kukuonyesha viungo, mizizi na mibonyeo kwa ada inayohesabiwa kwa mamia ya dola, si maelfu. Mimi nashauri fedha hiyo itumike kabla ya senti ya kwanza ya bima, na ikiwezekana kabla hata ya kununua nyumba.

Tukishalijua bomba, tuingie kwenye bima yenyewe. Msingi wake unaujua tayari kama umewahi kuwa katika chama cha kufa na kuzikana. Kila mwanachama hutoa kidogo. Msiba ukimfika mmoja, mfuko humbeba. Hakuna ajuaye nani atafikwa mwaka huu, lakini kwa watu wengi waliokusanyika idadi ya misiba hutabirika kwa kiasi. Kampuni ya bima hufanya vivyo hivyo, ila kwa mkataba na kwa faida. Unachokitoa huitwa ada ya bima. Unachoomba baada ya hasara huitwa dai, na unacholipwa ni fidia.

Neno linalofuata ndilo nguzo ya somo zima: hasara tarajiwa. Ni ukubwa wa hasara ukizidishwa na uwezekano wa kutokea kwake. Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme matengenezo ya bomba lako yangegharimu dola 5,000, na mpango wa kwenye barua unadai dola 10 kwa mwezi, yaani 120 kwa mwaka. Gawanya 120 kwa 5,000 upate asilimia 2.4. Maana yake ni kwamba ada hiyo inalingana na hasara ikiwa bomba lako huharibika, kwa wastani, mara moja katika miaka 42 hivi. Ukiamini kwamba bomba lako ni imara kuliko hapo, unalipa zaidi ya hasara tarajiwa. Na kwa kawaida ndivyo ilivyo: kampuni lazima ilipe mishahara, matangazo, kodi na wenye hisa, kwa hiyo wateja kwa jumla hulipa zaidi ya wanachorudishiwa.

Usihitimishe haraka kwamba basi bima ni hasara siku zote. Aliyelifafanua jambo hili vizuri ni Daniel Bernoulli, mwanahisabati wa Uswisi, katika makala yaliyochapishwa St. Petersburg mwaka 1738. Alimfikiria mfanyabiashara mmoja aliyenunua bidhaa Amsterdam ambazo zingemletea rubo 10,000 zikifika salama. Kati ya meli 100, meli 5 huzama. Hasara tarajiwa, basi, ni rubo 500. Lakini muuza bima anadai 800. Je, alipe? Bernoulli akajibu kwamba inategemea mali nyingine aliyonayo. Kwa hesabu zake, akiwa na chini ya rubo 5,043 pembeni ni busara kulipa zile 800 ingawa ni ghali. Akiwa na zaidi ya hapo, aiache meli iende bila bima.

Nakuomba usome tena aya hiyo polepole, kwani humo ndimo uamuzi wako ulimo. Hatari ya bahari ni ileile kwa mfanyabiashara mwenye mali nyingi na kwa mwenye mali kidogo, na bei ni ileile. Kinachobadilika ni jinsi pigo lingemwumiza kila mmoja. Dola 5,000 kwa mwenye akiba ya 40,000 ni usumbufu. Dola hizohizo kwa familia iliyotumia akiba yake yote kununua nyumba, na ambayo kila mwezi inatuma fedha Bukavu au Kisumu, ni kadi ya mkopo yenye riba kubwa, au ni nyumba isiyo na choo kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo swali la kwanza si "bomba litapasuka?" Ni "likipasuka mwezi ujao, nitalipa kwa fedha gani?" Ukiwa na jibu tulivu, unaweza kujikatia bima mwenyewe, yaani kuweka zile dola 120 za kila mwaka kando. Usipokuwa na jibu, ada iliyo ghali kidogo inaweza kuwa halali yako kabisa.

Utafiti unaonyesha kwamba tuna udhaifu wa upande mmoja hapa. Mwaka 2010 mchumi Justin Sydnor alichapisha uchunguzi wa mikataba ya bima za nyumba Marekani. Wenye nyumba wengi walikuwa wakilipa takriban dola 100 zaidi kwa mwaka ili, hasara ikitokea, wao waanze kulipa 500 badala ya 1,000. Kinga hiyo ya ziada ilikuwa na thamani ya chini ya dola 25. Tunapenda kuikimbia hasara ndogo, na tunalipa ghali kwa ajili hiyo.

Basi soma mkataba. Kile kiasi unachoanza kukilipa wewe kabla kampuni haijatoa chochote kina uzito mkubwa katika hesabu. Tafuta pia kikomo cha fidia, yaani kiwango cha juu watakachotoa: je, ni kwa kila tukio au kwa mwaka? Je, kinajumuisha kuvunja na kurudishia lami, au ni kuchimba uani tu? Utakuta vilevile muda wa kusubiri, mara nyingi siku 30, na sharti kwamba kasoro iliyokuwepo kabla hailipwi. Wateja wapya hukasirika wakisoma hayo, lakini yana sababu. Bila masharti hayo, watu wangejiunga siku wanayoona maji yakichuruzika uani, na mfuko ungebeba wagonjwa watupu. Wachumi huliita jambo hilo uteuzi hasi. Linaloniudhi mimi ni sharti hilo linapoandikwa kwa upana kiasi kwamba mizizi iliyoanza kuingia miaka 20 iliyopita nayo ni "kasoro ya awali". Uliza kabla ya kutia saini, na uombe jibu kwa maandishi.

Kuhusu barua yenyewe, si lazima iwe utapeli. Biashara hii ina historia: HomeServe, moja ya kampuni zake kubwa, ilianza Uingereza mwaka 1993 kwa ubia na shirika la maji la South Staffordshire. Marekani ipo mipango iliyoidhinishwa na miji, na baadhi ya miji hupata sehemu ya mapato, ndiyo maana nembo ya mji inaweza kuwa halali kwenye bahasha. Lakini idhini ya mji haimaanishi kwamba bei ni nzuri kwako, wala kwamba unalazimika kujiunga. Mwaka 2014 mamlaka ya usimamizi wa fedha ya Uingereza iliitoza HomeServe faini ya zaidi ya pauni milioni 30 kwa namna ilivyouza bima zake na kushughulikia malalamiko. Hadhari ina haki yake.

Tena kuna njia ambayo barua haitakutajia. Kampuni nyingi zinazotoa bima ya nyumba huuza nyongeza ya mkataba kwa ajili ya mabomba na nyaya zilizofukiwa. Mara nyingi gharama yake ni chini ya dola 50 kwa mwaka. Turudi kwenye mfano wetu: nyongeza ya dola 40, wewe ukianza na 500, inakulipa 4,500. Hapo ada inalingana na bomba linaloharibika mara moja katika miaka 112 hivi. Linganisha na ile miaka 42. Kwa nyumba nyingi za zamani hiyo ndiyo ninayoiangalia kwanza, na simu moja kwa wakala wako inatosha kuulizia.

Lipo jambo la mwisho, gumu kidogo. Bima ni ya lisilojulikana. Kamera ikikuonyesha bomba lililokwisha kubonyea, hilo si hatari tena bali ni gharama inayosubiri tarehe, na dai lake litakataliwa. Ndivyo ilivyo pia kwa mabomba ya maji ya madini ya risasi, ambayo sheria ya Marekani ilizuia kufungwa upya tangu 1986 lakini bado yamo ardhini kwa mamilioni. Oktoba 2024 shirika la serikali kuu la mazingira, EPA, lilitoa kanuni inayoyataka mashirika mengi ya maji kuyaondoa ndani ya miaka 10, na tayari yalitakiwa kuandaa orodha ya aina za mabomba yanayoingia majumbani na kuiweka wazi kwa umma. Tafuta anwani yako katika orodha ya mji wako. Ukikuta bomba lako ni la risasi, au aina yake haijulikani, uliza shirika nani atalipia kulibadilisha na lini, na wakati huo tumia maji ya kunywa yaliyopitishwa kwenye kichujio kilichothibitishwa kuondoa risasi, hasa kama kuna mtoto mchanga nyumbani.