Kwanza Kijiwe, Ndipo Guzzi

Pikipiki ngeni ikisimama njia panda ya Dumila haikosi majaji. Hapo barabara ya Kilosa inaachana na barabara kuu ya Morogoro–Dodoma. Mabasi yanapunguza mwendo, wauza nyanya na vitunguu wanayawahi madirishani, na vijana wa bodaboda wamezipanga Boxer na TVS zao wakingoja zamu. Ikiegeshwa pale Moto Guzzi, pikipiki ya Kiitaliano yenye mitungi miwili iliyochomoza mbele ya magoti ya dereva, watu wataizunguka. Mmoja ataulizia spidi. Fundi atauliza la maana: spea zake zinapatikana wapi?

Mnunuzi wa mara ya kwanza hulifikia swali hilo akiwa keshalipa. Huanza na picha, akahamia kwenye rangi, akalinganisha nguvu za injini, na siku waya wa klachi unapokatika Gairo saa kumi na moja jioni ndipo anapogundua hana wa kumpigia simu. Makala hii inashauri mpangilio mwingine: mtu atafute kwanza wenzake wa barabarani, kisha atafute pikipiki ambayo wenzake hao wanaweza kumsaidia kuifungua.

Boxer ya cc 150 imeundwa kupakia, kusimama, kugeuza na kupakia tena. Pikipiki ya safari ndefu imeundwa ili mtu akae kitini saa nne bila mgongo kulalamika: tangi kubwa, kioo cha kukinga upepo, kiti kipana cha watu wawili, masanduku ya mizigo ubavuni. Mfano mzuri ni Guzzi V85 TT, iliyoingia sokoni mwaka 2019 ikiwa na injini ya cc 853, nguvu farasi 80 na tangi la lita 23. Inakunywa takriban lita tano kwa kilomita 100. Aliyejaza tangi Morogoro mjini anafika Dodoma, kilomita 260 hivi, na bado ana mafuta ya kumrudisha mpaka Gairo bila kuingia kituoni.

Uzito ndio unaowatisha wageni, na wana haki. V85 ikijazwa mafuta na oili inakaribia kilo 230, karibu mara mbili ya Boxer. Kwenye lami uzito huo ni raha, maana lori likipita kwa kasi pikipiki haiyumbi. Tabu inaanza kwenye kuegesha. Stendi ya pembeni huzama taratibu kwenye udongo mweusi uliolowa, na dereva aliyekwenda kununua nyanya hurudi akaikuta imelala. Kuinua nako kuna namna yake: funguo izimwe, gia iingizwe ili matairi yasizunguke, usukani ukatwe hadi mwisho, kisha mtu aigeuzie mgongo, achuchumae, na asukume kwa miguu akirudi nyuma hatua fupi fupi. Anayeinua kwa mikono huku ameitazama anajitafutia maradhi ya kiuno. Kipande cha ubao chini ya stendi kingeepusha yote hayo.

Jina la Guzzi lina umri. Kampuni ilianzishwa na Carlo Guzzi na Giorgio Parodi mwaka 1921, na kiwanda kiko Mandello del Lario, kando ya Ziwa Como. Mwaka 1928 Giuseppe, ndugu yake Carlo, aliendesha pikipiki yao mpaka kaskazini kabisa mwa Norway ili kuthibitisha kwamba springi za gurudumu la nyuma, kitu kigeni wakati huo, zinaweza kuhimili barabara mbovu. Wazo la kwamba pikipiki ya safari hupimwa na njia mbaya, basi, si la jana.

Tangu 2004 Guzzi iko chini ya Piaggio, kampuni iliyoileta Vespa duniani mwaka 1946. Na Piaggio si mgeni Afrika Mashariki kama watu wanavyodhani. Bajaj ya India, ambayo Boxer zake zimejaa kila kijiwe, ilikuwa katika miaka ya 1960 ikiunda Vespa kwa leseni ya Piaggio. Zanzibar ndiko linakoonekana funzo lenyewe. Vespa za zamani zinaendelea kukatiza mitaa kule kwa sababu mafundi wanazijua ndani nje, na vipuri vingi vya skuta za Kihindi za jamii hiyo vinaingiana nazo. Mapenzi ya mwenye nayo peke yake yasingetosha kuziweka barabarani.

Kwa kipimo hicho cha fundi na spea, Waitaliano wawili wanaotajwa zaidi wanaachana mapema. Ducati Multistrada V4 ya 2021 ni mashine ya ajabu: mitungi minne, nguvu farasi 170, na ilikuwa ya kwanza kuuzwa ikiwa na rada mbele na nyuma. Valvu zake hukaguliwa baada ya kilomita 60,000, jambo la kupendeza kwa msafiri. Lakini hitilafu ya umeme ikitokea inadai kompyuta yenye programu ya kampuni, na gurudumu la nyuma linaendeshwa kwa cheni inayotaka kusafishwa na kupakwa mafuta kila mara vumbi linapozidi. Guzzi imebaki na mambo ya kizamani yanayomfaa mtu wa Dumila. V85 inapozwa na upepo, kwa hiyo haina rejeta ya kutobolewa na jiwe. Valvu zake zinarekebishwa kwa spana, bisibisi na kipimo chembamba cha bati, kazi ambayo fundi makini wa Boxer ataielewa akionyeshwa mara moja. Cheni haipo kabisa. Nguvu inapita kwenye shafti iliyofichwa ndani ya mkono wa gurudumu la nyuma. Kwa anayepita njia za vumbi, hilo peke yake linamaliza ubishi.

Shafti nayo ina masharti yake. Anayenunua iliyotumika aombe oili ya giaboksi ndogo ya nyuma imwagwe mbele yake. Unga laini kama wa penseli kwenye sumaku ya boliti ni wa kawaida; vipande vinavyong'aa na kukwaruza kidole ni sababu ya kuaga. Kisha ashike tairi la nyuma kwa mikono miwili, kushoto na kulia, alitikise: likicheza na kugonga, beringi zimechoka. Akiiwasha na kuivutia mafuta ikiwa imesimama, itaegemea upande mmoja. Asishtuke, wala asikubali fundi aanze kufungua kitu, kwani krenki ya Guzzi imelala kwa urefu wa pikipiki, na kuegemea huko ni tabia yake ya kuzaliwa.

Hesabu ya fedha ni fupi na inauma. Pikipiki ambayo thamani yake, pamoja na nauli ya meli na bima, ni euro 10,000, ikitozwa ushuru wa forodha wa 25% wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kisha VAT ya 18% juu ya jumla hiyo, imefika euro 14,750 kabla ya ada za bandari, wakala na usajili. Anayenunua iliyokwisha kuingia nchini alinganishe namba ya chesisi na kadi, herufi kwa herufi, na jina lililo kwenye kadi liwe la anayepokea pesa. Leseni nayo iwe ya daraja A, la injini zinazozidi cc 125.

Sasa kijiwe. Watu wa mjini huona kundi la vijana waliojilaza juu ya matangi ya pikipiki wakibishana mpira; hawaoni taasisi. Anayeingia hulipa kiingilio, hujulikana kwa mwenyekiti, hupangiwa zamu, na huchanga mwenzake anapofiwa au kuvunjika mguu. Wengi wao wako kwenye mkataba: pikipiki ni ya bosi, hesabu inapelekwa kila siku, na muda ukiisha kadi inahamia kwa dereva. Mtu anayeishi hivyo anajua chombo chake. Anajua kituo kipi mafuta yake yana maji, fundi yupi anakaza boliti mpaka zinakatika, na kona ipi ya Magole huwa na utelezi malori ya mazao yanapopita.

Maarifa hayo hayapatikani kwenye kitabu cha Mandello. Januari 2014, mafuriko yaliyoipiga Magole na vijiji jirani yalikata barabara kuu kwenye daraja la Dumila, na safari za Dodoma zikakwama. Mwenye rafiki kijiweni hupata habari ya mto kabla hajatoka Morogoro.

Wenye Guzzi duniani nao wana kijiwe chao. Kila Septemba hukusanyika Mandello, na mwaka 2022 walisherehekea huko miaka 100 ya kampuni, sherehe iliyokuwa imecheleweshwa na korona. Nchini Tanzania wenye chapa hiyo ni wachache mno kujitegemea, kwa hiyo mgeni hujiunga na waendesha pikipiki kubwa wa chapa zote wanaotoka pamoja mwisho wa wiki. Faida yao kubwa ni mabegi. Anayesafiri Ulaya hurudi na chujio la oili la huyu, breki pedi za yule, na waya wa akiba wa klachi ambao utafungwa kwa plasta pembeni mwa ule unaofanya kazi. Asiyewafahamu hulipia kifurushi cha ndege, na husubiri.

Kosa la wageni wengi katika makundi hayo ni kutaka kuonekana. Safari ya kwanza isiwe ya kupanda Mgeta wakati wa masika. Mteremko wa tope na kilo 230 havisameheani, na kijana mwenye Boxer atampita akiwa na abiria na tenga. Barabara ya Dodoma inatosha kwa kujifunza. Kundi hupanga magurudumu kwa kupishana, mmoja kushoto, wa nyuma yake kulia, ili kila mtu awe na nafasi ya kufunga breki. Mgeni huwekwa wa pili, nyuma ya kiongozi, ambapo mwendo hautamzidi, na mzoefu wa mwisho hubeba pampu na vifaa vya kuziba pancha. Kwenye vibao vya 50 wote hushuka hadi 50, maana tochi ya trafiki haijali kwamba pikipiki ni ya Italia.

Dumila ni mahali pazuri pa kusimama kwenye safari hiyo, kama kilomita 70 kutoka Morogoro. Boliti za masanduku zimeshapata mtikisiko wa kutosha kulegea kama zitalegea, na injini iliyovuja itakuwa imeacha alama. Mgeni akague hapo, anywe chai, awasalimie wenye zamu, na aombe namba ya fundi wao kabla hajaihitaji. Akipanga kuendelea siku nyingine hadi Kenya au Uganda, akate mapema kadi ya njano ya bima ya COMESA, ambayo Tanzania inashiriki, kwa kuwa bima ya nyumbani peke yake inaishia mpakani.